Lupini Kati ya Mizabibu

Miaka ipatayo elfu mbili iliyopita, wenye mashamba wa Italia walikuwa na lalamiko moja midomoni: ardhi imezeeka. Walisema udongo uliojaza maghala ya babu zao sasa umechoka, hauna tena nguvu ya kuzaa, na hakuna la kufanya ila kuvumilia. Mtu mmoja aliwapinga hadharani. Jina lake Lucius Junius Moderatus Columella, mzaliwa wa Gades, bandari ya kusini mwa Hispania ambayo leo huitwa Cádiz. Aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la Roma huko Siria, kisha akamiliki mashamba jirani na Roma na kuandika vitabu 12 juu ya kilimo. Tangu kurasa za kwanza anawasuta wenzake bila kupepesa macho. Ardhi haizeeki kama binadamu, asema. Sisi ndio tulioitupa. Kazi ambayo wazee wetu walioheshimika waliifanya kwa mikono yao, sisi tumemwachia mtumwa aliye mbaya kuliko wote, kama vile tumeikabidhi ardhi kwa mnyongaji. Ardhi ikilishwa, itazaa.

Na chakula chenyewe anakitaja. Kwanza samadi. Pasipo na samadi, lupini: mmea wa jamii ya kunde, wenye maua meupe na punje bapa zilizo chungu. Columella anauweka mbele ya mikunde yote. Hautaki kazi nyingi, mbegu yake ni ya bei nafuu, huota hata kwenye udongo uliokonda, nao ni mbolea nzuri sana kwa shamba la nafaka lililochoka na kwa shamba la mizabibu lililochoka.

Katika makala hii nafuata nyayo za lupini na jamaa zake, kutoka kwenye vitabu vya wazee wa Ugiriki na Roma hadi kwenye mashamba ya zabibu ya zama hizi. Sababu yangu ni hii: desturi ya kupanda mimea mingine kati ya mizabibu haijafa, ila lengo lake limegeuka juu chini. Columella alipanda ili mzabibu unenepe. Wakulima wengi wa leo katika nchi za mvinyo hupanda ili mzabibu ukonde. Kazi ni ile ile, mbegu wakati mwingine ni zile zile, lakini makusudio yanapingana. Anayeiga upande mmoja bila kujua upande wa pili anaweza kujiharibia shamba kwa bidii yake mwenyewe.

Columella hakuwa wa kwanza. Karne tatu na zaidi kabla yake, Theophrastus wa Eresos, mrithi wa Aristotle katika shule yake ya Athens, aliandika kwamba maharage mapana hayauchoshi udongo, bali yanaonekana kuurutubisha, kwa sababu mmea wake ni mwepesi na huoza upesi. Akaongeza kwamba watu wa Makedonia na Thessalia huufukia mmea huo ukiwa bado una maua. Kwa ninavyosoma mimi, maneno hayo mafupi kuhusu maua ndiyo kiini cha habari yote, na tutayarudia.

Kisha akaja Cato, mwanasiasa mkali wa Roma aliyefariki mwaka 149 KK. Kitabu chake cha kilimo hakina mapambo, kinaamuru. Mazao yanayorutubisha shamba, asema, ni lupini, maharage mapana na vicia, yaani mkunde mwembamba wa malisho unaotambaa. Yanayolifyonza ni pamoja na shayiri na dengu. Na kwa mzabibu uliokonda ana agizo ambalo mkulima yeyote wa zabibu anaweza kulifuata kesho asubuhi: chukua matawi yake yenyewe uliyoyapogoa, yakatekate vipande vidogo, yafukie pale pale.

Lakini ni Columella aliyeingia ndani ya jambo. Panda lupini kwenye udongo dhaifu karibu na katikati ya Septemba, asema, kisha wakati ukifika uikate na kuifukia kwa plau au kwa jembe. Wakati gani? Hapo ndipo anapoonyesha kuwa alikuwa mtu wa shambani. Kwenye udongo wa kichanga, fukia lupini inapotoa maua ya mara ya pili, ikingali laini, ili ioze haraka na kuchanganyika na udongo mwepesi. Kwenye udongo mzito unaonata, ngoja maua ya mara ya tatu, wakati mashina yamekwisha kukakamaa, ili yayashikilie mabonge ya udongo yasishikamane upesi na jua la kiangazi lipate kuyapasua. Mmea mmoja, kazi mbili. Kwenye mchanga unatafuta chakula. Kwenye mfinyanzi unatafuta pia nafasi ya hewa. Anaonya tena kwamba mkunde ukikatwa kwa ajili ya malisho, mizizi ifukiwe mara moja kabla haijakauka, la sivyo itaondoka na nguvu ya udongo.

Hata mbegu aliifikiria. Punje za lupini huharibiwa na wadudu zikipata unyevu, basi azitaka zihifadhiwe kwenye ghala linalofikiwa na moshi. Msomaji aliyekulia kijijini, akaona mbegu za mahindi zikining'inizwa darini juu ya mafiga, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa nini Septemba? Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, mvua hunyesha kipindi cha baridi, na kiangazi ni kikavu. Mzabibu huvunwa mwishoni mwa kiangazi, hupukutisha majani, hulala. Lupini hupata mvua zote wakati mwenyeji wake amelala usingizi. Mzabibu unapoamka na kuanza kuchipua, lupini hukatwa na kufukiwa, ikawa chakula. Mimea miwili kwenye shamba moja, lakini kila mmoja na msimu wake, na maji hayagombaniwi. Hekima ya kalenda hii ni kubwa kuliko hekima ya mmea wenyewe, na ndiyo sehemu ambayo waigaji huisahau.

Mashamba ya aina ile tunaweza hata kuyaona. Mwaka 79, mlima Vesuvius ulipolipuka na kuufunika mji wa Pompeii, majivu na kokoto za volkeno zilifunika mashamba yaliyokuwa ndani ya kuta za mji. Mizizi iliyokufa ikaoza na kuacha matundu ardhini. Kuanzia mwaka 1966, mwanahistoria Wilhelmina Jashemski wa Chuo Kikuu cha Maryland alichimba eneo lililo karibu na uwanja wa michezo wa Pompeii, ambalo wachimbaji wa awali walilidhania kuwa soko la ng'ombe. Alisafisha matundu yale, akayamiminia saruji, akangoja ikauke, kisha akaondoa udongo pembeni. Yaliyobaki yalikuwa maumbo ya mizizi: zaidi ya mizabibu 2,000, kila mmoja na tundu la nguzo yake kando, imepangwa futi nne za Kirumi kila upande, yaani kama mita 1.2. Lile soko la ng'ombe lilikuwa shamba la zabibu, lenye chumba cha kukamulia na mitungi mikubwa ya kuhifadhia mvinyo. Kwa nafasi ndogo namna ile, nguvu iliyofanya kazi kati ya mistari ilikuwa mkono wa mtu na jembe lake. Kila kilichopandwa pale, kila kilichofukiwa, kilifukiwa kwa mgongo ulioinama.

Baada ya Roma njia inakuwa nyembamba, nami nitaipita haraka. Lupini iliendelea kupandwa kusini mwa Ulaya, na punje zake chungu, zikisha kulowekwa siku kadhaa na kuchemshwa, zikawa chakula cha watu na mifugo. Mwishoni mwa karne ya 18, Friedrich II, mfalme wa Uprusi, aliagiza mbegu kutoka Italia akitaka kuponya mashamba ya mchanga ya nchi yake. Lupini nyeupe ya kusini haikuzoea baridi ya kaskazini. Lakini wazo lilikuwa limevuka milima ya Alpi, na karne iliyofuata lilipata mtu wake.

Mtu huyo aliitwa Albert Schultz, mkulima wa kijiji cha Lupitz kaskazini mwa Ujerumani, ambaye watu walimzoea kwa jina la Schultz-Lupitz. Shamba lake lilikuwa mchanga mtupu. Alipanda lupini mwaka baada ya mwaka, akaongeza chokaa, potasi na fosfeti, lakini hakuweka mbolea ya naitrojeni hata chembe. Kwa nadharia za wakati ule, shamba lilipaswa kufilisika. Badala yake mavuno ya nafaka yaliyofuata lupini yakapanda. Mwaka 1881 alichapisha hesabu zake, akisema kuna mimea inayokusanya naitrojeni na kuna mimea inayoila. Wataalamu walimuuliza inatoka wapi, naye hakuwa na maabara ya kujibia.

Jibu lilitoka mwaka 1886, katika mkutano wa wanasayansi mjini Berlin. Hermann Hellriegel, aliyeongoza kituo cha utafiti cha Bernburg, alikuwa ameotesha njegere na shayiri kwenye vyungu vya mchanga usio na naitrojeni. Shayiri ilidhoofu kila mara. Njegere nazo zilidhoofu kama mchanga ulikuwa umechomwa na kutakaswa. Lakini alipotia maji kidogo yaliyochujwa kutoka kwenye udongo wa shambani, zilinawiri, na mizizi yake ikatoa vinundu. Ndani ya vinundu hivyo waliishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na mmea huwalipa kwa sukari. Miaka miwili baadaye, Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe. Ndipo ikaeleweka walichokuwa wakikiona Theophrastus na Columella. Mkunde ukiwa na maua, naitrojeni imo kwenye majani na mashina. Ukiachwa uzae, naitrojeni huhamia kwenye mbegu na huondoka shambani pamoja na mavuno. Watu wa Thessalia walilijua hilo kwa macho miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya chungu cha Hellriegel.

Ungetegemea kwamba baada ya siri kufichuliwa, kila shamba la zabibu Ulaya lingejaa mikunde. Haikuwa hivyo. Wakati Hellriegel anasimama Berlin, mashamba ya zabibu ya Ufaransa yalikuwa yanakufa. Filoksera, mdudu mdogo aliyeletwa na mizabibu kutoka Marekani, alionekana kusini mwa Ufaransa katika miaka ya 1860, akawa anafyonza mizizi. Mwaka 1875 Ufaransa ilizalisha zaidi ya hektolita milioni 80 za mvinyo. Mwaka 1889 ilipata kama milioni 23 tu. Dawa iliyofaa ilikuwa kuunganisha mzabibu wa Ulaya juu ya mizizi ya mzabibu wa Kimarekani, ambayo mdudu huyo hawezi kuiua. Ilibidi mashamba karibu yote yapandwe upya.

Upandaji huo mpya ndio uliobadilisha ardhi ya kati ya mizabibu. Zamani, katika sehemu nyingi za Ufaransa, mzabibu uliongezwa kwa kulaza tawi ardhini hadi litoe mizizi, na baada ya miaka mingi shamba likawa msongamano usio na mstari. Mizabibu ya kuunganisha ilipandwa kwa kamba, mstari baada ya mstari. Palipo na mstari hupita farasi na plau. Baada ya Vita Kuu ya Pili likapita trekta. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kutengeneza naitrojeni ya viwandani, na mbolea ya mfuko ikaifanya lupini ionekane kazi ya bure. Katika miaka ya 1950 zikaja dawa za kuua magugu, na mwaka 1974 ikaingia sokoni glifoseti. Shamba zuri sasa lilikuwa lile ambalo ukisimama mwanzo wa mstari huoni hata jani moja la kijani chini ya mizabibu hadi mwisho. Usafi huo ulilipiwa gharama kubwa. Kwenye miteremko, kila mvua kubwa iliteremsha udongo wa juu hadi barabarani, na wakulima wa baadhi ya maeneo wakalazimika kuuzoa na kuupandisha tena mlimani. Naitaja hali hiyo kwa uchungu, maana ni watu wale wale waliorithi vitabu vya Columella.

Mimea ilirudi kati ya mizabibu taratibu, na mwanzoni ilirudi kama kizuizi cha mmomonyoko. Nyasi hupunguza kishindo cha tone la mvua, mizizi hushika udongo, trekta halizami kwenye tope. Lakini wakulima walipotazama mizabibu iliyopakana na nyasi waliona jambo jingine: matawi yake yalikuwa mafupi, majani machache, vichala vilivyopata jua. Na mvinyo wake ulikuwa tofauti.

Hapa yafaa tusimame, maana hapa ndipo shamba linapoingia kwenye glasi. Mzabibu uliopandwa kwenye udongo mnene wenye maji tele haujali sana matunda. Unakimbilia kutoa matawi na majani. Majani yanakuwa msitu, na vichala vinabaki gizani. Kivuli hicho kina matokeo yake. Hewa haipiti, ukungu unaozesha zabibu. Rangi ya maganda hufifia. Vichipukizi vilivyokulia kivulini huzaa kidogo mwaka unaofuata. Na kwa aina kama Cabernet Sauvignon, kuna kemikali yenye harufu ya pilipili hoho mbichi ambayo hupungua zabibu zinapoiva kwenye mwanga. Kivulini inabaki nyingi, na mvinyo wake unanuka majani.

Bonde la Napa, California, lilijikuta kwenye hali hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 filoksera ilirudi, ikala mashamba yaliyopandwa juu ya mizizi iitwayo AXR1 ambayo haikuwa na kinga ya kutosha, na sehemu kubwa ya bonde ikang'olewa na kupandwa upya. Udongo wa chini ya bonde ni wa kina na tajiri. Wakulima wakawa wanatafuta namna ya kumpunguzia chakula mtoto aliyenona, na nyasi zikawa jibu mojawapo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha California kilitoa kitabu kizima cha mwongozo kuhusu mimea ya kufunika udongo katika mashamba ya zabibu, chenye kupambanua mimea kwa kazi zake: shayiri, ohati na nyasi za kudumu kwa mzabibu uliozidi nguvu, maharage mapana, vicia na klova kwa mzabibu uliodhoofu, haradali ya manjano inayofurika bonde zima kuanzia Januari hadi Machi kwa kushika udongo wakati wa mvua. Haradali haiongezi naitrojeni ya hewani, na mizizi yake haishirikiani na kuvu wale wa udongoni wanaousaidia mzabibu kupata fosfeti. Uzuri wake wa picha umewafanya wageni waidhanie mbolea.

Nyasi hufanya nini hasa? Mwanzoni mwa msimu zinakunywa maji na kula naitrojeni ambayo mzabibu ungeigeuza kuwa matawi. Ukuaji wa matawi unasimama mapema, karibu na wakati zabibu zinapoanza kubadilika rangi, na mzabibu unaelekeza sukari yake kwenye matunda. Punje huwa ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi kwa kulinganisha na maji yake. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda. Huko Montpellier, kusini mwa Ufaransa, watafiti waliopanda nyasi za feskyu kati ya mizabibu walichapisha mwaka 2005 matokeo yaliyoeleza sehemu ya fumbo: mizizi ya mzabibu haikukaa kugombana na nyasi. Iliondoka kwenye udongo wa juu ulio chini ya nyasi, ikazidi kujikita chini ya mstari wa mizabibu wenyewe na kwenda chini zaidi. Mzabibu wenye mizizi ya kina unastahimili vizuri zaidi mabadiliko ya juu.

Mashariki mwa Marekani, ambako mvua hunyesha hata kiangazi, wamekwenda mbali zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, walipanda chikori chini kabisa ya mashina ya mizabibu ya Cabernet Franc, mahali ambapo mkulima wa kawaida hunyunyizia dawa. Virginia nako walijaribu feskyu nyekundu chini ya Cabernet Sauvignon. Kote huko uzito wa matawi yanayopogolewa ulishuka, jambo lililokuwa likitakiwa. Kwa mkulima anayesumbuliwa na maji mengi, mmea wenye njaa ni rafiki.

Kama njia ingeishia hapo, ningekuwa nimeandika sifa tupu. Inapita pia Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watengenezaji wa mvinyo mweupe wa Ujerumani walianza kukuta chupa zilizozeeka kabla ya wakati. Miezi michache baada ya kutiwa kwenye chupa, harufu ya matunda ilikuwa imetoweka, na mahali pake pamekuja harufu ya vidonge vya nondo, ya nta ya kung'arishia sakafu, ya nguo iliyofungiwa ikiwa na unyevu. Utafiti ulirudi nyuma hadi shambani. Mizabibu iliyotoa mvinyo ule ilikuwa imeteseka: ukame, mavuno mengi mno, upungufu wa naitrojeni. Na miongoni mwa vyanzo vya mateso hayo, katika miaka mikavu, zilitajwa nyasi za kudumu zilizoachwa kati ya kila mstari. Mtu alikuwa amefunga mdomo wa mzabibu ambao haukuwa umeshiba.

Kuna pia hasara ya pili, ile ya hamira. Juisi ya zabibu ina naitrojeni yake, na hamira huila ili iweze kugeuza sukari kuwa pombe. Ikipungua chini ya miligramu 140 hivi kwa lita, hamira huhangaika. Uchachukaji hupunguza mwendo au hukwama kabisa, na mara nyingi pipa hutoa harufu ya mayai viza. Nyasi zilizonyang'anya naitrojeni mwezi wa Aprili hujulikana mwezi wa Oktoba, ndani ya pipa. Ndiyo maana wakulima wengi wa Ulaya leo hawapandi kila mstari. Huacha mstari mmoja na nyasi, mwingine wanaulima au kuupanda mikunde, na mwaka wa ukame wanazilaza nyasi mapema zikafa na kugeuka matandazo. Nawaona hao ndio wanafunzi halisi wa Columella kuliko wale wanaosifu kijani cha shamba zima.

Sasa tufike Dodoma, Tanzania. Mzabibu uliletwa huko na wamisionari wa Kikatoliki waliopanda Bihawana katika miaka ya 1950, na tangu wakati huo zabibu zimekuwa zao la biashara la maelfu ya familia, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa nyumba yake ya kitaalamu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Bordeaux wala Napa. Lakini mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka hufika milimita 550 au 600. Baada ya hapo ni miezi ya jua na upepo. Sehemu kubwa ya udongo ni mchanga mwekundu usio na mboji ya kutosha. Na mkoa huu unajua maana ya udongo kuondoka: mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu ya makorongo yaliyoimeza Kondoa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipate kupumua.

Kwa shamba la namna hiyo, nyasi za Napa ni adui. Mzabibu wa Dodoma hauhitaji kukondeshwa. Jua, mchanga na mavuno mawili vinaukondesha vya kutosha. Kinachohitajika ni lishe na kivuli cha udongo, na hapo Columella ana la kutufundisha zaidi kuliko Cornell. Ila kalenda yake haitufai. Kwake mvua hunyesha mzabibu ukiwa umelala. Dodoma mvua hunyesha mzabibu ukiwa macho na una kiu. Chochote kitakachopandwa kati ya mistari kitakunywa kutoka kwenye kikombe kile kile. Kwa hiyo kisipandwe kila mstari, kisikaribie shina, na kisiachwe kikomae.

Mbegu tunazo, na hatuhitaji kuagiza lupini. Kunde ni mmea wa Afrika na Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wanaijua tangu enzi. Ichaguliwe ile iliyosimama, isiyotambaa, isije ikaupanda mzabibu. Kuna njugu mawe, kuna choroko. Na kuna marejea, mmea wenye maua ya manjano ambao Wabenediktini wa Peramiho, hasa Padre Gerold Rupper, waliueneza kwa wakulima wa kusini mwa Tanzania kwa miaka mingi kama mbolea ya kijani. Marejea huota haraka, huzima magugu, na ukikatwa wakati wa maua huoza vizuri. Waliouona Songea ukifufua mashamba ya mahindi hawatashangaa kusikia jina lake likitajwa pamoja na zabibu.

Kwa mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Bihawana, ningependekeza hivi. Mvua za kwanza zikishika, panda kunde au marejea katika mstari mmoja, uruke mmoja, na uache nafasi ya hatua moja kutoka kwenye shina. Yakitoka maua tu, kata, hata kama kunde zinakutamanisha kungoja maganda. Usichome majani na mabua yake, usiyatoe shambani. Udongo ukiwa mzito, fukia. Ukiwa mchanga na mvua zinaelekea ukingoni, yalaze juu ya ardhi yawe matandazo ya kuzuia jua hadi mvua nyingine. Matawi unayopogoa, yale yasiyo na ugonjwa, yakate vipande na uyaache pale pale, kama Cato alivyoagiza. Mwaka wa mvua haba, kata mapema zaidi.

Na kwa watafiti wa Makutupora tuna ombi. Mistari michache ya majaribio kwenye mizabibu ya Makutupora Nyekundu na Chenin Blanc, nusu ikiwa na marejea na nusu ardhi tupu, ipimwe matawi, vichala, unyevu wa udongo mwezi Agosti na naitrojeni iliyomo kwenye juisi. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, kwa sababu wanaoshika jembe kati ya mistari ile husoma Kiswahili.